Usisimame Mtoni

Kambini, Hale
15 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Najua umeapa. Nilikuwa mlangoni na begi begani uliposema, "Wallahi sitasema nawe mpaka utoke kwenye huo mto," na Mama akaangusha kawa. Tangu nifike nimepiga simu mara kumi na moja na mara zote kumi na moja umeikata. Ya kumi na mbili alipokea Mama akinong'ona kama mwizi. Basi nikakaa, nikafikiri, nikaona kwamba uliapa kutosema nami. Kuandika hukukutaja.

Barua hii anakuletea Bibiana, yule mama wa Muheza anayenunua machungwa huku na kuyapeleka hoteli za Ushongo kila Jumatano na Jumamosi. Ikinuka machungwa usishangae. Mimi mzima, mzima wa kutosha kubishana nawe, kwa hiyo usiwe na hofu.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana siku ile hukuniacha nimalize hata sentensi moja. Boti letu ni la mpira, limejazwa upepo, urefu wake kama ngalawa ndogo na upana kama kitanda cha harusi. Halina tanga, halina mashine, halina usukani. Watu sita hukaa juu ya kingo zake, watatu kulia na watatu kushoto, kila mmoja na kafi lake. Wa saba hukaa nyuma kabisa, na huyo ndiye nahodha. Kazi ya kwenda inafanywa na mto. Kazi yetu ni kuchagua njia. Mto ukishuka kati ya mawe maji hugeuka meupe, yakaruka na kunguruma, na sisi tunapita hapohapo katikati, nahodha akipiga kelele "Mbele!" au "Nyuma!" au "Shikeni!" Watu wanatoka mbali na kulipa ili wapitishwe pale. Najua utasema, "Kulipa ili utishwe!" Ndiyo, Baba. Na wakifika chini wanaomba warudishwe juu.

Mwalimu wetu ni Eliudi, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri asiyekosa ibada. Amefanya kazi hii miaka tisa Uganda, kwenye Nile. Ndiye yule aliyekuja hotelini nilikokuwa nikifanya kazi, kutafuta watu wanaojua kuogelea, kwa sababu anasema huko kwao milimani nguvu zipo, kuogelea hakuna. Wanafunzi tuko watatu: mimi, Precious wa Korogwe, na Anold, ambaye babu yake alikuja kukata mkonge hakurudi tena kwao.

Wageni wa kwanza wanakuja tarehe 30 Agosti, na mmoja wetu atakaa nyuma. Nataka niwe mimi, na sioni wa kunizidi. Lakini sitapanda boti lile na roho za watu bila radhi yako. Nimemwambia Eliudi hivyo hivyo, kwamba kwetu mtu hashiki chombo huku mzazi kanuna. Hakucheka. Alisema hata kwao ni vivyo hivyo.

Nipe radhi, Baba. Sauti yako si lazima niisikie. Andika tu.

Mwanao,
Nasra


Ushongo
25 Juni 2025

Nasra,

Marahaba. Barua imefika na imenuka machungwa.

Nimemuuliza Maalim Haji kama kuandika ni kusema. Kwanza alicheka, jambo ambalo sikulipenda. Kisha akasema yamini hufuata nia na tamko la mwenye kuapa, na mimi nilitamka "kusema". Basi naandika. Usidhani umenishinda, umepata mlango wa uani tu.

Mimi nachonga ngalawa mwaka wa thelathini na tano huu. Chombo kisicho na usukani si chombo, ni mfuko. Hiyo ndiyo rai yangu juu ya mpira wako.

Nina maswali, na sitaki majibu ya kuwapa wazungu hotelini. Mamba je? Mvua ikipiga Usambara, nyinyi mlio chini mnajuaje kama maji yanakuja? Na mtu akianguka humo, huyo Eliudi anamfanya nini?

Radhi sitoi. Rudi nyumbani. Meneja wa hoteli ameniuliza habari zako, nafasi yako ipo. Bahari unaijua nayo inakujua. Mto haumjui mtu.

Baba yako,
Uweso

Mwanangu, ni mimi Mama. Nimepewa barua niibandike gundi, nami nimeifungua. Ile yako anaisoma kila Alasiri nyuma ya banda, anadhani simwoni. Kula vizuri. Mboni.


Kambini, Hale
6 Julai 2025

Baba, shikamoo.

Majibu yako haya hapa. Mamba wapo, lakini wako huko chini maji yanakolala. Mamba mvivu, Baba, hapendi maji ya haraka kama wewe usivyopenda Dar es Salaam. Kuhusu mvua, kuna mti umesimikwa ukingoni na kupakwa rangi. Eliudi huenda kuusoma kila asubuhi kabla hata ya chai, na maji yakigusa rangi nyekundu hakuna anayeingia, hata awe mgeni wa nani. Na mtu akianguka anakuwa na jaketi la kuelea na kofia ngumu, na juu ya jiwe kuna mwenzake amesimama na mfuko wa kamba. Kamba ile inarushwa inafunguka hewani, na mimi naweza kumdondoshea mtu mkononi toka hatua ishirini. Wa kwanza kuweza ni mimi. Anold bado anavua miti.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha hata kama hutaki. Kuna maporomoko hapa tumeyapa jina Mama Mkwe, kwa sababu hayapitwi bila adabu. Katikati yake pana jiwe kubwa. Boti likilipiga kwa ubavu, upande wa jiwe unainuka na upande wa pili unazama, na maji yanaanza kuingia. Kila mtu wa bara mwili wake unamwambia alikimbie jiwe. Akilikimbia anakwenda upande unaozama, na boti linapinduka. Eliudi alipotuonyesha mara ya kwanza, yeye hajafungua mdomo mimi nilikuwa nimekwisha kupanda upande wa jiwe. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni baba yangu, nikiwa na miaka tisa, juu ya tengo la ngalawa. Nikamweleza tengo ni nini, ule ubao unaoelea pembeni, na jinsi upepo ukilaza ngalawa ulivyokuwa ukinipigia kelele, "Upande unaoinuka ndio wa kukimbilia!" Ameliandika neno hilo ubaoni, Baba. Liko darasani kwetu na jina lako chini yake.

Ndiyo maana sielewi. Nikuulize wazi, ni kwa sababu mimi ni mwanamke? Ni maneno ya watu wa barazani? Najifunika vizuri, nalala chumba kimoja na Precious, na sala sijaacha. Kama ni hilo sema, nina majibu yake. Kama silo, basi sijui nabishana na nini.

Lakini nitakiri jambo moja ambalo bahari haikunifundisha. Sisi Ushongo mtoto akizidiwa na wimbi, ufukwe mzima tunapiga kelele, "Simama! Simama!" Anasimama, maji yanamfika kifuani, tunamcheka. Mtoni hiyo ni hukumu ya kifo. Chini kuna mawe, na kati ya mawe kuna nyufa. Ukisimama, mguu unaingia kwenye ufa. Maji yanakusukuma mgongoni wala hayapumziki kama wimbi linavyopumzika. Yanakuinamisha kifudifudi na mguu hautoki. Mtu hodari wa kuogelea anakufa kwenye maji ya kiunoni, na watu wanamwangalia. Kwa hiyo kila asubuhi Eliudi anatuimbisha: ukianguka, lala. Lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji, uende na mto mpaka pametulia. Hata ukigusa chini, usisimame.

Wiki hii sikuingia majini. Yako mafunzo ya nchi kavu, mafundo ya kamba na kadhalika.

Naingoja radhi yangu.

Mwanao,
Nasra


Ushongo
26 Julai 2025

Mwanangu Nasra,

Ni Mama, na leo sijaiba nafasi chini ya barua ya mtu, nimechukua karatasi yangu mwenyewe.

Uliandika nini? Baba yako aliipokea barua yako akiwa kwenye gogo, tezo yake ya kuchongea mkononi. Akasoma, akarudia. Akaiweka tezo chini, akaenda kukaa kwenye mchanga, mtu ambaye tangu nimjue hakai chini mpaka Adhuhuri iadhiniwe. Leo wiki ya tatu gogo liko vilevile, kuku wanalala ndani yake. Chakula anakigusa tu. Nikimuuliza anasema, "Mboni, niache." Hajawahi kuniambia nimwache tangu anioe.

Barua yako ameifunga kwenye msahafu. Siwezi kuitoa humo bila yeye kujua, na kusema kweli naogopa kuisoma.

La pili. Bibiana kaniambia amekuona unachechemea. Mimi nimenyamaza, sijamwambia baba yako. Lakini sikukuzaa wewe ili nije nipate habari za mguu wako kwa muuza machungwa. Jieleze.

Mama yako,
Mboni


Ushongo
30 Julai 2025

Nasra,

Uliuliza kama ni kwa sababu wewe ni mwanamke. Si hilo. Ningekuwa na mtoto wa kiume ningemwapia yeye vilevile.

Unajua kwamba ba mdogo wako Sabiri alikufa maji. Hukupata kuuliza maji gani, nasi hatukupata kusema.

Mwaka 1996 mimi na Sabiri tulikwenda hukohuko Hale kutafuta gogo la mwembe la kuchongea ngalawa. Tulilipata, lakini lilikuwa ng'ambo ya mto. Tukalifunga kamba ili tulivushe. Mimi nilikuwa ukingoni na kamba mikononi, yeye yuko majini analiongoza gogo. Gogo likapiga jiwe, likageuka, likamtupa. Sikuogopa. Sabiri ndiye aliyekuwa akijitupa baharini karibu na kisiwa cha Maziwe akaogelea mpaka nyumbani, kwa kushindana tu na wenzake. Na maji yale niliyaona, yalikuwa ya kiunoni. Nilicheka, Nasra. Nikampigia kelele, "Simama! Simama, ni kiunoni!"

Alinisikia. Siku zote alinisikia, mimi nilikuwa mkubwa wake. Alisimama kabisa, kifua nje ya maji, akanitazama. Kisha akainama mbele kama mtu anayerukuu, asiinuke tena. Niliacha kamba, nikaingia. Nilipomfikia nilimvuta kwa nguvu zangu zote na hakuja. Walikuja watu wanne wa kijiji ndipo akatoka.

Miaka ishirini na tisa nimejiuliza nini kilimshika. Watu wa kule walisema mto una wenyewe. Nikakubali haraka, maana jambo lenye wenyewe halina mkosaji mwingine. Barua yako imenieleza. Umeandika kwa furaha yako, hukujua, na sikulaumu hata kidogo.

Nijibu swali moja, na usinipe maneno ya msibani, nimekwisha kuyasikia yote. Kama ningemwambia neno jingine, angepona?

Baba yako,
Uweso


Kambini, Hale
3 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Ndiyo. Angeweza kupona.

Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu umenikataza maneno ya msibani. Nimelia siku mbili, Precious ni shahidi, na nimeandika barua nne za uongo nikazichana. Nakupenda mno kukupa uongo, Baba.

Lakini ukishataka ukweli uchukue wote. Nilikudanganya. Yale mafunzo ya nchi kavu yalikuwa mguu wangu. Tarehe 28 Juni nilianguka botini hapo Mama Mkwe. Kofia ninayo, jaketi ninalo, sheria nimeiimba asubuhi kumi na sita. Nikaenda na maji, mguu ukagusa chini, na kichwani nikasikia ufukwe mzima wa Ushongo: simama! Nikasimama. Mguu wa kushoto ukaingia mpaka juu ya kifundo, na maji yakaja mgongoni. Nilimeza mto mzima. Eliudi alirusha kamba kifuani mwangu ili kichwa kikae juu, Precious akateremka kwa kamba ya pili toka upande wa juu, na ndipo mguu ukatoka. Kiatu kiko huko hadi leo. Mwambie Mama mguu umepona na nimekoma kuficha.

Sasa nihukumu mimi. Mimi niliyeambiwa mara kumi na sita nilisimama. Wewe hukuambiwa hata mara moja. Ungelijua wapi neno jingine? Ulimpa ndugu yako neno bora ulilokuwa nalo, lile ambalo mzee wako alikupa wewe na limewaokoa watoto wa Ushongo miaka yote. Lilikuwa neno la bahari tu. Alisimama kwa kukuamini, na wewe ulilisema kwa kumpenda. Kosa lilikuwepo, siwezi kulifuta. Ubaya haukuwepo.

Na ndiyo maana sirudi. Kabla ya barua yako nilikuwa naitaka nafasi ya nyuma kwa sababu naiweza. Sasa naitaka kwa sababu kila mtu wa pwani atakayepanda boti hili, akianguka, atasimama. Mpemba, Mdigo, Mswahili wa Tanga mjini, wote. Eliudi anaijua sheria. Mimi nalijua kosa.

Mtihani ni Jumamosi tarehe 23 Agosti, asubuhi, hapo Mama Mkwe. Njoo. Kama kiapo bado kimekushika, njoo unyamaze. Nitakuonyesha mto huu ukipitwa.

Mwanao,
Nasra


Ushongo
13 Agosti 2025

Nasra,

Jibu lako nimelipata. Umenijibu kama mtu mzima, na nakushukuru.

Sitakuja. Mto ule nilikwisha kuuona. Usiniandikie tena habari ya kuja.

Gogo nimelirudia. Kuku wamehama.

Uweso

Mwanangu, ni Mama. Jana ameniuliza basi la Hale linapita Muheza saa ngapi. Nikamwambia sijui. Ninajua, lakini nilitaka aulize mwenyewe mtaani. Ameuliza. Mboni.


Kambini, Hale
24 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Umesema! Mashahidi ninao, na mmoja wao ni mchungaji mstaafu aliyekuja kumtembelea Eliudi. Usije ukakana.

Mama hakuwepo na atataka kila kitu, kwa hiyo msomee hapa kwa sauti.

Tulikuwa sita kwa jumla: mimi nyuma, na mbele yangu Precious, Anold na vijana watatu wa kijiji. Maporomoko mawili ya kwanza nilipita kama napita uani kwetu. Tulipoingia Mama Mkwe, Anold alikosa maji kwa kafi lake, boti likakaa upande, na jiwe likaja. Nikapiga kelele, "Pandeni! Upande unaoinuka!" Wanne wakapanda. Anold akaganda palepale, upande unaozama, macho yake yako kwenye jiwe. Nikaruka toka nyuma, nikamshika jaketi, nikamtupa juu kwa wenzake. Boti likapata uzito lilioutaka, likateleza, likajitoa. Kila mtu akabaki ndani isipokuwa nahodha.

Nilipoibuka nilikuwa nyuma ya boti, peke yangu, naenda. Nakwambia kweli yangu, Baba, nilijua sheria na mguu wangu wenyewe uliikumbuka. Na bado vidole vya mguu vilipogusa jiwe la chini, goti lilianza kunyooka. Halikuniuliza. Ndipo nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu Juni, na hakuna kelele ya maji iliyoweza kuizima.

"Lala! Nasra, lala! Lala chali, mwanangu!"

Nikalala. Nikaona vidole vyangu juu ya maji na mbingu juu ya vidole. Mto ukanichukua ukanipitisha pale, ukaniweka kwenye maji yaliyotulia, na kamba ya Eliudi ikaniangukia kifuani. Sikuwa hata na mchubuko.

Nilipotoka nikakukuta umeingia majini mpaka magotini na kanzu yako, kofia imekwenda na maji. Ulinishika kichwa kwa mikono miwili. Ukapiga magoti ukakagua mguu wa kushoto, ukakagua na wa kulia. Kisha nikasema, "Baba," nawe ukafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya Ijumaa! Ulikula wali wa Eliudi kimya. Ulimpa mkono kila mtu kimya. Ulisimama mbele ya ubao wenye jina lako muda mrefu sana, kimya, ukaenda zako kupanda basi.

Eliudi amenipa nafasi. Anasema nahodha anayeanguka kwa kuokoa mtu wake hajafeli, amelowa tu. Jumamosi hii wageni wanakuja, nami bado sina nilichokuomba.

Kwa hiyo nauliza. Lile neno lilikuwa radhi, au ulikuwa unanipigia kelele tu?

Mwanao,
Nasra


Ushongo
27 Agosti 2025

Mwanangu Nasra,

Bibiana yuko mlangoni na kapu kichwani, ananiharakisha, kwa hiyo sitapamba maneno.

Ni kweli nimesema. Sikuhitaji mashahidi wako, na mchungaji wako mpe salamu zangu. Nilinyamaza baada ya hapo kwa sababu nilikuwa nimevunja yamini, na sikujua kama naweza kuivunja vipande viwili au kile kimoja kinatosha. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Maalim Haji. Safari hii hakucheka. Alisema kafara ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza ndiye anayefunga siku tatu. Mimi naweza. Juzi Jumatatu Mama yako kapika wali wa nazi na changu wa kupaka, nikawakalisha watu kumi bandani, kati ya vumbi la mbao, nikawanawisha mikono mmoja mmoja. Nilikuwa sijalisha watu kwa furaha namna ile tangu harusi yangu.

Sasa nikwambie usilolijua. Sikuja kwa siku moja. Nilipanda basi Ijumaa, nikalala Muheza, na Jumamosi Alfajiri nikawa ukingoni kabla yenu. Njia nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi neno lile mdomoni, maana nilijua ulimi wangu una neno jingine lililokaa humo miaka ishirini na tisa, na nilichelea litoke lile. Mzee niliyekaa naye kitini akaniambia, "Lala tu bwana, nitakuamsha Hale." Nilipokuona kichwa juu ya maji, mdomo ulifunguka na herufi ya kwanza ilikuwa ile ya zamani. Niliimeza. Nakuapia, na hiki nitakitimiza, niliimeza, nikatoa la pili.

Na ulipokuwa ukienda na maji, mimi nilikuwa nikimwangalia Sabiri. Alipita mbele yangu amelala chali, vidole juu, akaenda mpaka maji yaliyotulia. Nilipokushika kichwa nilikushika wewe, na yeye pia.

Watoto wa hapa nimewakusanya jana ufukweni. Nimewaambia: baharini simameni, mtoni laleni. Wamenirudishia kwa sauti mara kumi. Mmoja akaniuliza kwetu mto uko wapi. Nikamwambia mto uko mbele ya kila mtu, siku yake ikifika.

Radhi yangu unayo. Nimekupa kwa moyo, kwa mkono huu, na mbele ya Mama yako anayesoma begani kwangu bila haya. Shika chombo chako. Nilisema ni mfuko, na maneno hayo nayarudisha, ingawa usukani ningekutengenezea bure.

Macho yangu hayawezi tena barua, na karatasi ya duka imekwisha. Nipigie simu leo baada ya Magharibi. Nitapokea mimi.

Baba yako,
Uweso